Kamera ya baba na miaka isiyo na picha

Nimekuwa kimya karibu wiki tatu, mniwie radhi wasomaji wangu. Kazi za gazeti mnazijua. Ukimaliza habari ya bajeti unatupwa kwenye mafuriko, ukitoka kwenye mafuriko unapelekwa kwenye mkutano na waandishi wa habari ambao hauna habari yoyote ndani yake zaidi ya soda na sambusa. Lakini safari hii ukimya una sababu nyingine, nayo ni kamera.

Yalianzia kwa mdogo wangu wa kike, yuko mwaka wa pili chuoni. Alinipigia simu akitaka nimtafutie Kariakoo kamera ya kidijitali "ya zamani". Nikamuuliza, ya zamani kwa vipi, na simu yako ina macho matatu mgongoni? Akanijibu taratibu, kama mtu anayemvusha babu yake barabara: "Kaka, picha za simu zimekuwa safi mno. Nataka zile za enzi zenu."

Enzi zetu! Nina miaka ishirini na saba.

Basi nikaenda. Mwenye kibanda mmoja alinitajia shilingi 180,000 kwa kamera iliyochubuka pembeni, haina chaja wala kifuniko cha betri. Nilipolalamika akacheka. "Bro, hizi mwaka 2019 nilikuwa nawapa watoto wachezee." Sikununua, ila njia nzima nikawa najiuliza kimetokea nini hadi kitu kilichokuwa takataka miaka michache iliyopita kigeuke kuwa mali.

Kumbe si Kariakoo tu. Tangu kama mwaka 2022 vijana wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakifukua makabati ya wazazi wao kutafuta kamera ndogo za mfukoni za kati ya 2000 na 2010, na makampuni yamelisikia hilo. Mwaka 2025 Canon walirudisha sokoni kamera yao ndogo ya mwaka 2016, PowerShot ELPH 360 HS, wakaongeza herufi A mwishoni mwa jina na kubadilisha tundu la kadi. Mwaka huo huo likatoka dude moja dogo lenye jina la Kodak, linaitwa Charmera, la kuning'iniza kwenye funguo. Lina megapikseli 1.6. Kwa makusudi! Watu walipanga foleni kulinunua.

Mimi nilikumbuka kwamba nyumbani Morogoro, kwenye kabati la mama, ipo moja. Nitaifikia. Kwanza turudi nyuma kidogo, maana historia ya vifaa hivi ina vituko ambavyo vijana wanaovigombania hawavijui, na mimi mwenyewe nilikuwa sivijui.

Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko New Jersey, wanasayansi wawili, Willard Boyle na George Smith, walibuni kipande cha kielektroniki kinachoitwa CCD. Kazi yake ni kupokea mwanga na kuugeuza kuwa chaji za umeme zinazoweza kuhesabiwa. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza ya picha iliyokuja kutawala (sensa hii haina uhusiano na ile ya watu na makazi, hakuna karani atakayekugongea mlango). Walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2009, miaka arobaini baadaye. Miaka sita baada ya ubunifu wao, mwaka 1975, mhandisi kijana wa Kodak mjini Rochester, Steven Sasson, akaunganisha CCD, lenzi na betri, akatengeneza kamera ya kidijitali. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6. Picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe yenye pikseli 10,000 tu, na kuirekodi kulichukua sekunde 23. Na unajua ilirekodiwa wapi? Kwenye kaseti, kaseti ya kawaida kabisa kama ile ya kusikilizia taarab. Ukitaka kuiona unaunganisha na televisheni.

Napenda kuweka tarehe hizo pembeni ya tarehe zetu. Mwaka mmoja kabla, 1974, serikali yetu ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta na seti za televisheni Tanzania Bara, na marufuku hiyo ikadumu hadi miaka ya mwanzo ya 1990. Maana yake ni kwamba kama Sasson angekuja Dar es Salaam na mashine yake mwaka 1975, kaseti ingepita forodhani na televisheni ya kuangalizia ingebaki bandarini. Sisemi hili kuicheka serikali ya wakati ule, fedha za kigeni zilikuwa haba na sababu zilikuwepo. Ninasema tu kwamba kamera za kidijitali zilipotufikia, zilitukuta tunatokea mbali.

Kodak wenyewe hawakuwa na haraka, maana walikuwa wanaishi kwa kuuza filamu. Walipoamua kuuza kamera ya kidijitali ya kazi, mwaka 1991, waliwauzia waandishi wa habari. Iliitwa DCS, ilijengwa juu ya Nikon F3 na ilikuwa na megapikseli 1.3. Picha zilihifadhiwa kwenye sanduku tofauti ambalo mpigapicha alilining'iniza begani kama fundi anayebeba betri ya gari. Bei, karibu dola 20,000. Halafu mambo yakaanza kukimbia. Mwaka 1994 Apple wakatoa QuickTake 100, iliyojaa ukishapiga picha nane za ukubwa wa juu. Mwaka 1995 Casio wakatoa QV-10, yenye kioo kidogo nyuma. Mwaka 1997 Sony wakaja na Mavica zilizokuwa zinameza disketi, ile ile ya kompyuta, picha zinaingia humo humo. Mwaka 1999 Nikon wakatoa D1, megapikseli 2.7 kwa dola zipatazo 5,000, na hapo magazeti makubwa ya dunia yakaanza kufunga vyumba vyao vya giza.

Naomba tusimame kwenye hiyo Casio, kwa sababu nadhani kile kioo kilibadilisha mambo kuliko megapikseli zote zilizofuata. Kabla yake ukipigwa picha ulisubiri. Ulisubiri mkanda uishe, picha thelathini na sita, halafu ukasubiri zisafishwe, halafu ukazikuta ulivyo: umefumba macho, shangazi amekatwa kichwa, mbuzi anapita nyuma. Na ulizitunza hivyo hivyo kwa sababu umezilipia. Kioo kilipokuja, sentensi mbili mpya zikazaliwa duniani. Ya kwanza, "hebu nione." Ya pili, "futa hiyo."

Sentensi hiyo ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi mwezi uliopita.

Nilikuwa nimepewa kazi ya kuandika kuhusu ukame wa mwaka 2006 na mgawo wa umeme uliofuata. Mnaukumbuka ule mgawo, au wazazi wenu wanaukumbuka, mabwawa yalikauka na umeme ukawa wa kuvizia. Nikashuka maktaba ya gazeti ninalofanyia kazi (sitalitaja, nataka kuendelea kulipwa) kutafuta picha. Picha za miaka ya 1970 na 1980 zipo. Negativu ziko kwenye bahasha za karatasi, zimeandikwa kwa kalamu ya wino tarehe, mahali na jina la mpigapicha. Zinanuka ukungu lakini zipo. Nikauliza za 2006. Mkutubi akanionyesha majalada ya gazeti lenyewe, yaani magazeti yaliyofungwa pamoja kwa kila mwezi. Picha zilizochapishwa humo ndizo zilizobaki, tena kwa wino wa gazeti. Za asili hakuna. Kuanzia 2003 hadi 2010, karibu zote, hakuna.

Nilimtafuta mpigapicha wetu mmoja mstaafu anayeishi Temeke. Nikamwamkia, tukakaa barazani, nikamuuliza, mzee, picha zenu za miaka ile ziko wapi?

"Tulizifuta, kijana wangu," akasema.

Akanieleza. Wakati wa filamu akiwa mkoani, mkanda alikuwa anaufunga kwenye bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi, na mtu wa ofisini anakwenda kuupokea stendi. Mkanda ule ukishasafishwa haufutiki. Kamera ya kidijitali alikabidhiwa mwaka 2003 na kadi moja. Moja tu, kwa sababu kadi zilikuwa ghali. Akirudi ofisini anachagua picha tatu au nne za gazeti la kesho, zinahamishiwa kwenye kompyuta ya dawati la picha, na kadi inasafishwa kwa ajili ya kazi ya asubuhi. Zilizobaki, labda sitini, labda mia, zilikwisha pale pale. Na hiyo kompyuta ya dawati la picha, iliyokuwa imeweka zile tatunne za kila siku kwa miaka saba, iliungua mwaka 2010. Hakukuwa na nakala.

"Ninazo picha za Mwalimu za mwaka themanini na tano," akaniambia, "lakini sina za mwanangu akihitimu darasa la saba mwaka 2007."

Kwa hiyo wakati ambao kupiga picha kulikuwa rahisi kuliko wakati wowote uliotangulia ndio wakati tuliopoteza zaidi. Na si gazeti letu tu. Kumbuka intaneti ya wakati ule ilipita kwenye satelaiti, nyaya za baharini zilikuwa hazijafika. Ule wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009. Kabla ya hapo, kutuma picha ya megapikseli tano kutoka intaneti kafe ya Posta kulikuwa kazi ya kukamilisha huku umeshakunywa chai mbili. Ndiyo maana Muhidin Issa Michuzi, mpigapicha wa Daily News, alipofungua blogu yake Septemba 2005 akiwa Helsinki, kwa msaada wa Ndesanjo Macha, alifanya kitu kikubwa kuliko watu walivyodhani. Wengi walimwendea kwa ajili ya harusi na misiba ya watu mashuhuri na kusalimiana na ndugu walioko ughaibuni. Leo anayetafuta sura ya Dar ya mwaka 2006 atajikuta anaangalia zile picha ndogo zilizopunguzwa ubora ili zipite kwenye mtandao. Za asili nyingi za wapigapicha wa kizazi kile zilikwenda na maji.

Haya, twende Morogoro.

Kamera ya baba aliiletewa na mjomba aliyekuwa anafanya kazi Muscat, mwaka 2005. Chapa siitaji. Ina megapikseli 3.2, inatumia betri nne za kawaida za saizi ya AA, na kadi yake ni lile pande kubwa la CompactFlash, nene kama biskuti. Kadi iliyokuja nayo ni ya megabaiti 32. Fanya hesabu: kwa picha za ubora wa juu, ni kama ishirini hivi. Chini ya mkanda wa filamu! Baba alikuwa mwalimu wa sekondari, hakuwa mtu wa kununua kadi ya pili. Ikijaa alikwenda nayo kwa kijana mmoja wa intaneti kafe, anachomewa CD, anarudi na kadi tupu. Hizo CD mama anazo. Nilizijaribu zote, saba. Mbili zimesomeka.

Betri za AA zilikuwa ukombozi, nakumbuka. Mwaka ule wa mgawo, jirani yetu mwenye kamera ya betri ya kuchaji alikuwa anaikumbatia tu siku ya sherehe, imekufa. Baba alituma mtoto dukani. Ni kweli betri za bei rahisi zilikaa picha kumi tu zikaisha, tukazihamishia kwenye saa ya ukutani zikaendelea kuishi mwaka mzima.

Pwani yetu ilikuwa na adui mwingine wa kamera hizi. Oktoba 2005 makampuni mengi makubwa, Canon, Fujifilm, Nikon na wengine, walitoa tangazo karibu kwa wakati mmoja kwamba baadhi ya kamera zao zinaweza kuharibika zikikaa kwenye joto na unyevunyevu: picha zinageuka zambarau, zinajaa mistari, au zinatoka giza tupu. Wote walikuwa wananunua sensa za CCD za Sony, na tatizo lilikuwa ndani ya sensa hizo. Wakaahidi kutengeneza bure. Joto na unyevunyevu! Sasa hiyo si ndiyo Dar es Salaam, Tanga na Mombasa kila siku ya Mungu? Nimejiuliza ni kamera ngapi za ukanda huu zilitupwa jalalani na wenye nazo wakidhani mtoto kaiangusha, kwa sababu tangazo halikuwafikia.

Ya kwetu ilipona, labda kwa hewa ya Uluguru. Niliweka betri mpya, nikabonyeza, ikapiga ule mlio wake wa kuamka, lenzi ikatoka ikikwaruza kama mlango wa zamani. Nikampiga mama picha akichambua mchele. Na hapo ndipo nilipomwelewa mdogo wangu.

Wanaouza kamera hizi mitandaoni watakwambia siri ni CCD, kwamba sensa za zamani zina "rangi za filamu" ambazo sensa za leo za CMOS hazina. Mimi nimesoma, nimepima, na nadhani wanatuuzia mbuzi kwenye gunia. CMOS ya kamera, ile ambayo Eric Fossum aliiendeleza kwenye maabara ya NASA huko California miaka ya 1990, ilishinda kwa sababu inakula umeme kidogo na ni rahisi kutengeneza. Sony walitangaza mwaka 2015 kwamba wanaacha kutengeneza CCD. Rangi, kwa sehemu kubwa, hutokana na kile kamera inachofanya na taarifa baada ya sensa kuzipokea. Kamera ya baba haifanyi mengi. Inachukua mara moja, inapaka rangi kwa nguvu kidogo, inaandika kwenye kadi, basi. Palipo na mwanga mkali panakuwa peupe kabisa, palipo na kivuli panakuwa peusi. Mlango ulikuwa wazi nyuma ya mama, ua wote umeungua kwa weupe. Simu yangu ingeonyesha kuku mmoja mmoja.

Flashi nayo ina siri yake. Kamera hizi zilitumia taa ya xenoni, inayopasuka kama radi kwa muda mfupi sana, kwa hiyo mtu anayecheza anaganda hewani, uso unang'aa na nyuma yake kunabaki giza. Simu nyingi zina kitaa cha LED ambacho ni tochi tu. Ile sura ya picha za harusi za 2007, bwana harusi anametameta jasho na ukumbi umezama gizani, ni xenoni ile.

Simu za leo zinafanya kazi nyingine kabisa. Ukigusa kitufe inachukua picha kadhaa mfululizo, inazichanganya, inainua vivuli, inashusha mwanga, inalainisha ngozi, ndipo inakupa kitu ambacho hakikuwahi kutokea mbele ya lenzi kwa sekunde yoyote. Mwezi Machi 2023 kulikuwa na kelele pale mtu mmoja alipoonyesha kwamba simu yake ya Samsung, ikielekezwa kwenye picha ya mwezi aliyoitia ukungu kwa makusudi kwenye skrini ya kompyuta, ilitoa mwezi wenye mashimo yote yanayoonekana vizuri. Samsung walieleza kwamba ndiyo, akili bandia inaongeza undani wa mwezi. Kwa mpiga picha za likizo haina shida. Kwa mimi ninayepeleka picha gazetini nikiapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, ina shida kubwa.

Lakini nisiwadanganye kwamba za zamani zilikuwa kweli tupu. Filamu za rangi za Kodak kwa miongo mingi zilisawazishwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, zikiitwa kadi za Shirley, na sisi weusi tukatoka kama makaa yenye meno. Kamera za kidijitali za mwanzo hazikutusaidia sana. Mwaka 2021 Google walitoa simu ya Pixel 6 wakijisifu kwamba sasa imefundishwa kuona ngozi nyeusi, na kusema kweli simu nyingi za leo zinatuona vizuri kuliko kamera ya baba. Tofauti ninayoiona ni moja. Kamera ya baba haikumfanya mama awe mweupe zaidi, wala haikumtoa mikunjo. Ina kasoro, lakini haimwonei haya mtu.

Kwa nini basi ziliachwa? Mnajua. Mwaka 2007 ilitoka iPhone, kamera yake megapikseli 2 bila flashi, kituko. Kamera za mfukoni ziliendelea kuuzwa kama karanga, na kwa takwimu za chama cha watengenezaji cha Japani, CIPA, mwaka 2010 ulikuwa kilele: kamera zaidi ya milioni 121. Januari 2012 Kodak, walioanza yote, wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Mwaka 2023 kamera zote zilizosafirishwa hazikufika milioni 8. Wale wapigapicha wa mahafali waliokuwa wanatandaza picha zako kwenye nyasi ukitoka ukumbini, uzitambue na ununue, wengi wamebaki na mkoba na hadithi.

Sasa kadi. Ndani ya kamera mlikuwa bado na ile kadi ya megabaiti 32. Kamera ilizionyesha picha kumi na saba kwenye kioo chake cha ukubwa wa stempu, ila kuzitoa ikawa kasheshe, maana kompyuta za siku hizi hazina tundu la biskuti ile na waya wake ulipotea zamani. Nilirudi nayo Dar, nikazunguka siku mbili, hadi fundi mmoja wa kompyuta Mtaa wa Aggrey akatoa kwenye droo kifaa cha kusomea kadi kilichojaa vumbi. Hakutaka pesa. Alisema anataka tu kujua kama bado kinafanya kazi.

Nyingi ni za kawaida. Mimi na sare ya shule. Bibi kwenye mkeka. Nyanya za mama. Baba hayumo, kwa sababu ndiye aliyekuwa anapiga, na mwaka 2013 alifariki, kwa hiyo nilizifungua moja moja bila matumaini. Ya kumi na nne, yumo. Mama ndiye aliyeipiga. Baba yuko kwenye kochi, miguu juu ya stuli, macho yamefumba, gazeti limetandazwa kifuani.

Tarehe pembeni, kwa zile tarakimu za rangi ya machungwa, inasema 01/01/2004. Haiwezekani, kamera ilikuja 2005. Ndani yake kuna kibetri kidogo cha saa, na kikifa kamera inarudi mwanzo wa kalenda yake. Picha zote kumi na saba ni za Januari mosi 2004.

Nikaikuza. Megapikseli 3.2 si nyingi, herufi ndogo zilikuwa uji, lakini kichwa cha habari cha juu kilisomeka neno moja: LOWASSA. Na mpangilio wa ukurasa ulionekana, picha kubwa kushoto, kisanduku cheusi chini. Lilikuwa gazeti letu. Nikashuka tena maktaba, kwenye yale yale majalada niliyoyadharau, nikaomba Februari 2008. Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Alhamisi ya tarehe 7, kwa sababu ya mkataba wa Richmond wa kufua umeme wa dharura, mkataba uliozaliwa na ukame ule ule niliokuwa naandika habari zake. Gazeti la Ijumaa, tarehe 8, lilikuwa na picha kubwa kushoto na kisanduku cheusi chini.

Nilikaa pale chini kwa muda. Mkutubi akaniuliza kama naumwa.

Wikiendi iliyopita nilimpelekea mama picha ile, nimeichapisha kwenye karatasi nzuri. Nikamweleza yote, jalada, tarehe, kisanduku. Akaishika mbali kidogo kama wanavyofanya bila miwani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hakuwa amelala huyu," akasema. "Alisikia kamera inalia, akafumba macho makusudi. Baba yako alikuwa hapendi kupigwa picha."

Kamera ameichukua mdogo wangu. Kabla hajaondoka tulikaa naye mezani tukaifungua, tukatoa kile kibetri cha saa kilichokufa. Kipya tulikipata sokoni kwa fundi saa, shilingi 2,000, na tarehe tumeiweka sisi wenyewe.